Marehemu ana kamati, mgonjwa ana barua ya rufaa

Mtu wa Njombe au Tukuyu akifariki Dar es Salaam, jua halizami kabla hajapatikana mwenyekiti wa kamati, mhazini, daftari la michango na namba ya kutumia pesa. Kesho yake kibali kimeshughulikiwa, jeneza limepatikana, Coaster ya waombolezaji imelipiwa nusu na kuna mtu ametangulia kijijini kuangalia mambo ya chakula. Safari ya kilomita mia nane inakwenda kwa saa, na anayechelewesha msafara anasemwa mbele ya watu. Sina neno baya na utaratibu huo. Ni katika mambo machache ambayo sisi wa nyanda za juu kusini tunayapanga vizuri bila kusimamiwa na mtu.

Mrudishe sasa mtu huyohuyo nyuma miezi minane, akiwa hai, ana uvimbe unaohitaji mionzi na ameambiwa aende Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Hakuna kamati. Kuna mtoto wake mmoja, mara nyingi yule asiye na ajira, kwa sababu ndiye mwenye nafasi. Na kuna barua ya rufaa ndani ya bahasha ya kaki. Barua inaeleza ugonjwa vizuri tu. Haielezi mgonjwa atafikaje, atalala wapi, wala kama anaweza kukaa kwenye kiti kutwa nzima.

Hoja yangu ni kwamba pengo hili tunalikosea jina. Tunaliita umaskini, kisha tunanyoosha mikono. Umaskini umo, lakini familia ileile iliyoshindwa kuchanga laki tatu za kumpeleka mgonjwa kliniki huchanga milioni mbili za msiba ndani ya siku tatu. Kinachokosekana kwanza ni mpangaji: mtu au ofisi ambayo kazi yake ni kuhakikisha safari imepangwa kabla mgonjwa hajatoka nyumbani. Na ofisi hiyo, kwa maoni yangu, ni hospitali inayoandika rufaa.

Dharura walau imepata mwenyewe. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unampa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga namba ya kupiga, 115, bila malipo. Anayepokea anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu; lisipopatikana, anamwita dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, na dereva analipwa kwa simu akimfikisha mgonjwa. Tazama ulivyo mwepesi: orodha ya madereva, bei inayojulikana mapema, mtu mmoja wa kuratibu na malipo yasiyopitia mkononi mwa mgonjwa. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji king'ora.

Kati ya dharura na msiba ndiko waliko wengi. Kuna mama wa Ileje mwenye saratani ya mlango wa kizazi, mtoto mwenye kichwa kikubwa anayepelekwa MOI (taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili), mzee wa moyo anayeitwa JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete) kila baada ya miezi mitatu, kijana wa bodaboda mwenye vyuma mguuni. Hawafi leo, kwa hiyo hawamshtui mtu. Na kwa kuwa si dharura, safari zao huhesabiwa kuwa mambo ya nyumbani, kama vile kwenda kumtembelea shangazi.

Baadhi ya familia hudhani jibu ni gari la wagonjwa la wilaya. Mbunge akikabidhi moja hupigwa picha, watu hupiga vigelegele, na mwezi unaofuata kila mwenye mgonjwa anataka limpeleke Muhimbili. Mimi ningekataa. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 830, kwenda na kurudi zaidi ya 1,600. Gari hilo litakuwa nje ya wilaya siku mbili au tatu, dereva na muuguzi wakiwa nalo. Mjamzito wa Ludewa anayevuja damu usiku huo atasubiri nini? Gari la wagonjwa libebe mgonjwa anayehitaji muuguzi na vifaa njiani. Wengine wapangiwe chombo kingine, na kazi hiyo ya kupanga ndiyo hakuna anayeifanya.

Kosa la kawaida ni kuchagua chombo kabla ya kuuliza mgonjwa anaweza nini. Je, anaweza kukaa wima saa tano mfululizo? Ngazi za basi anazipanda mwenyewe au anabebwa? Anajisaidiaje? Kuna dawa inayopaswa kuingia mwilini kwa saa maalumu? Anahitaji oksijeni? Daktari anayesaini rufaa anayajua majibu yote haya, na yangeandikika kwa dakika mbili. Ndugu hawajui hata kama kuna swali.

Nilipata kusafiri na mzee mmoja, siti ya mbele yangu, basi la asubuhi kutoka Mbeya. Moyo ulikuwa umechoka, miguu imejaa maji, na alikuwa anatumia vidonge vya kutoa maji mwilini. Alivimeza alfajiri kama kawaida yake. Hatujafika Chimala ameshaomba gari lisimame mara mbili. Mara ya kwanza konda alikubali, abiria wakashuka wote kuchimba dawa, ikawa kama sherehe. Mara ya pili akajibiwa, "Mzee vumilia, tutasimama Makambako." Binti yake akavua khanga akamfunika, na sote tukageuka kutazama dirishani. Kuanzia hapo mzee hakugusa maji, na kesho yake, kwa maelezo ya binti, alikuwa amepanga kuviruka vidonge kwa kuwa wangekuwa kwenye daladala na foleni. Yaani mgonjwa wa moyo anaacha dawa yake ili afike kwa daktari wa moyo. Daktari wake angeweza kumwambia mapema asogeze saa ya kumeza hadi afike, au ampangie vingine kwa siku hiyo. Hilo halina gharama yoyote. Lakini ni la daktari kuamua. Si la konda wala la binti mwenye aibu.

Basi si chombo kibaya. Kwa anayetembea na kukaa, basi lenye choo ndani au linalosimama kwa ratiba linatosha kabisa, ila siti ina maana yake. Viti vya katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, havirushi kama vya mwisho. Kwa mwenye mgongo au nyonga iliyovunjika, kila tuta la Uyole hadi Igawa ni adhabu, na matuta ya huko usipende kuyahesabu. Aliyefanyiwa upasuaji wa mguu au nyonga anahitaji siti ya pembeni mwa korido ili aunyooshe mguu, na anahitaji kusimama kila gari linaposimama, maana damu ikilala muda mrefu kwenye mguu huganda, na bonge likipanda mapafuni linaua. Aulize hospitalini kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda kabla ya safari. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na huyo basi halimfai.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na wengi wameona nafuu: unaondoka jioni, unafika asubuhi, unakwenda kliniki moja kwa moja, umeokoa pesa ya gesti. Kwa mwenye nguvu ni sawa. Kwa dhaifu nina mashaka. Baridi ya Makambako na Mafinga saa nane usiku si ya mchezo, na hali ikibadilika saa hiyo, zahanati nyingi zilizoko kando ya barabara zimefungwa.

Noah ya kukodi ndiyo inayopendwa na wenye uwezo kidogo. Siti inalazwa, godoro linawekwa, mama anajisikia yuko kwake. Tatizo ni dereva. Mabasi ya masafa marefu yanatakiwa kuwa na madereva wawili. Noah ya jirani ina mmoja, na jirani huyo anataka kurudi usiku huohuo kwa sababu kesho ana kazi nyingine. Ukikodi, lipia dereva wa pili au lipia usiku mmoja Iringa au Morogoro. Na mgonjwa aliyelala afungwe mkanda, hata kama mnaona ni kumnyanyasa.

Oksijeni ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu ni hesabu na bado watu huikisia. Mgonjwa anayetumia lita 2 kwa dakika anatumia lita 120 kwa saa. Safari ya saa 14 kutoka Mbeya ni lita 1,680. Mtungi wa lita 1,360, ule unaofika karibu na kiuno cha mtu mzima, unakwisha baada ya saa 11 na dakika 20. Ukiwa umeondoka saa 12 asubuhi, unaishiwa saa 11 na ushei jioni, na Dar es Salaam bado hujaiona. Hapo hujakutana na lori lililokatika kwenye kona za Kitonga, ambako foleni ya saa tatu au nne si habari ya kuandikwa gazetini. Mwenye kupanga anaongeza nusu ya mahitaji juu yake, zinakuwa lita 2,520, kwa hiyo mitungi miwili ya aina hiyo, kipimo cha mtiririko wa hewa cha kubadilishia na mtu anayejua kubadilisha. Fundi wa oksijeni wa hospitali anaipiga hesabu hii kichwani. Nani amemuuliza?

Ndege watu huiogopa kwa sababu zisizo sahihi na kuiamini kwa sababu zisizo sahihi. Uwanja wa Songwe umekuwapo tangu 2012 na ukipata tiketi nafuu unamaliza safari kwa muda ambao basi halijafika Makambako. Wengine husema hewa ya ndege ni nyepesi, itamuua mgonjwa. Ni kweli ni nyepesi: ndani ya ndege ya abiria hewa huwa sawa na ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400 hivi. Lakini Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na Makete kuna vijiji vilivyopita 2,000. Anayepumua vizuri kwao Makete bila mashine ameshafanya mtihani huo kwa miaka. Wa kuogopa ni aliyepasuliwa tumbo siku chache zilizopita, kwa sababu gesi iliyobaki ndani hutanuka angani, na anayehitaji oksijeni au machela, ambaye shirika la ndege litamtaka awe na fomu ya daktari mapema na alipie nafasi ya siti kadhaa. Kumpeleka uwanjani na kutegemea huruma ya kaunta ni kupoteza tiketi.

Wazee wa Mbeya hawatakosa kukukumbusha treni ya TAZARA. Kwa kweli, kitanda, choo na mahali pa kunyoosha miguu, hakuna chombo kilichomfaa mgonjwa kuliko behewa la daraja la kwanza. Ningeandika makala nzima ya kulipigia debe kama ratiba ingeaminika.

Mgonjwa wa figo ana habari yake peke yake. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara, na kalenda yake haina nafasi ya gari kuharibika. Anasafiri siku inayofuata baada ya kusafishwa, na kabla hajaondoka kitengo cha huko aendako kiwe kimethibitisha siku na saa. Watataka majibu ya vipimo vya homa ya ini B na C na virusi vya UKIMWI, uzito wake akiwa hana maji ya ziada, na maelezo ya anavyosafishwa. Asipokuwa navyo anaanza kupimwa upya, na siku hiyo moja ya kupimwa ndiyo anayopaswa kuwa kwenye mashine.

Tuje kwenye pesa, maana ndiko wasomaji wengi wanakoanzia. Kwa nauli elekezi ambazo LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilitangaza Desemba 2023, abiria wa daraja la kati alipangiwa Sh67.84 kwa kilomita. Kwa kilomita 830 ni kama Sh56,000. Mgonjwa na anayemuuguza, kwenda na kurudi, wanakaribia Sh225,000. Ni pesa nyingi. Ni karibu nusu ya kima cha chini cha mshahara wa serikali kilichoanza Julai 2025, na mkulima wa viazi hana hata hicho kima. Ila nauli ina mwisho. Kinachomaliza watu ni kusubiri. Wanafika Jumatatu na barua, wanaambiwa daktari husika ni wa Alhamisi. Alhamisi kipimo kinapangiwa wiki ijayo. Wiki ijayo majibu hayajatoka. Mionzi yenyewe huchukua wiki tano, sita, au saba, siku tano kila wiki, na hapo ndugu wa Mbagala aliyewapokea kwa furaha ameanza kununa. Siku ya miadi iliyo kamili, iliyopatikana kwa simu moja kutoka hospitali hadi hospitali, inaokoa zaidi ya punguzo lolote la nauli.

Kadi ya bima hulipia daktari, kipimo, dawa na kitanda. Basi halimo. CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii ambao kaya ya watu hadi sita ilikuwa ikichangia Sh30,000 kwa mwaka, ulijengwa kuishia ngazi ya mkoa, kwa hiyo safari ya nje ya mkoa ilikuwa nje ya fikra zake kabisa. Wenzetu waliliona hili zamani. Marekani, nchi isiyosifika kwa huruma katika matibabu, huwalazimisha wasimamizi wa Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, kuhakikisha mgonjwa asiye na usafiri anafikishwa kliniki hata kama si dharura. Desemba 2020 Bunge lao liliuingiza wajibu huo ndani ya sheria yenyewe. Uingereza mgonjwa wa kipato kidogo aliyepewa rufaa anaweza kurudishiwa nauli yake. Mantiki yao ni ya mhasibu tu: tiba iliyolipiwa ikakosa mgonjwa ni hasara. Sheria yetu ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na kitita cha mafao kinaweza kubadilika bila kubomoa nyumba nzima. Nauli ya basi kwa mgonjwa na mwangalizi mmoja, kwa rufaa iliyothibitishwa, ilipwe kwa kampuni ya basi moja kwa moja kwa simu. Nani anasema haiwezekani wakati dereva wa m-mama analipwa hivyo kwa kumpeleka mjamzito?

Najua jibu la waganga wakuu: watumishi hawatoshi, na sasa mnataka wawe mawakala wa mabasi. Malalamiko yao ni ya kweli. Lakini kila hospitali ya wilaya ina au inapaswa kuwa na afisa ustawi wa jamii, na leo kazi yake kubwa ni kuthibitisha nani asamehewe gharama. Mpeni simu yenye salio, karatasi moja ya maswali yale niliyoyataja na orodha ya madereva. Akikuta wilaya yake ina wagonjwa sita wa kliniki moja Dar es Salaam mwezi huo, aombe wapangiwe wiki moja, Hiace moja iwabebe, muuguzi mmoja aende nao. Wilaya zinazoandika rufaa sita kwenda sehemu moja kwa siku sita tofauti zinawatupa watu wake barabarani mmoja mmoja.

Na safari nyingine zisiwepo kabisa. Baada ya mkopo wa IMF wa 2021, ule wa Sh1.3 trilioni, hospitali za rufaa za mikoa zilianza kupata CT scan, na anayesafirishwa kwa ajili ya picha tu siku hizi anapaswa kuuliza kwa nini. JKCI imekuwa ikiwatoa mabingwa wake kuwafuata wagonjwa mikoani. Kliniki ya kuangalia kidonda au kusoma majibu ingeweza kufanyika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, daktari wa Dar es Salaam akiwa kwenye simu. Wala mwelekeo si lazima uwe pwani kila mara: Ikonda, kule Makete, hospitali ya wamisionari juu ya milima, inapokea watu waliotoka Dar es Salaam wakipandisha Kitonga kuja kwetu. Wanajipanga kuja huko kwa baridi ile kwa sababu wanajua wakifika watahudumiwa.

Kuna nusu ya safari ambayo hata wanaopanga huisahau, nayo ni kurudi. Mgonjwa anaruhusiwa Ijumaa alasiri, kitanda kinahitajika, dawa za wiki mbili zinachukuliwa dirishani dakika za mwisho, na saa mbili usiku mtu mwenye nyuzi tumboni yuko stendi ya Magufuli akigombania siti iliyobaki, ambayo kwa kawaida ni ya mwisho kabisa nyuma. Fomu ya kuruhusiwa inarudi naye mfukoni. Zahanati ya kijijini kwake haina taarifa kwamba kuna nyuzi za kutoa siku ya kumi. Wodi hujua tangu raundi ya asubuhi nani anatarajiwa kutoka kesho. Anayemuuguza akiambiwa siku hiyo, siti ya katikati inapatikana, na simu ya kwenda zahanati ya kijijini inapigwa wakati mganga yuko kazini.